Miswada ya Injili ya Kigiriki: anza na ngozi, maneno yatafuata

Wanafunzi wa theolojia, kuanzia Mukono hadi Ggaba, wakitajiwa miswada ya Kigiriki ya Agano Jipya hukimbilia majina mawili: Sinaiticus na Vaticanus. Yote mawili ni ya karne ya 4 na yanastahili heshima yake. Lakini orodha rasmi inayotunzwa mjini Münster, Ujerumani, ina miswada zaidi ya 5,500, na sehemu kubwa iliandikwa kati ya karne ya 10 na ya 14 na wamonaki, makasisi na wanakili wa kulipwa wa dola ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki. Hiyo ndiyo Biblia iliyobusiwa madhabahuni, ikasomwa kwa mwanga wa mishumaa, ikadondoshewa nta, ikarithishwa. Anayetaka kujua Maandiko yalivyofika kwetu kutoka mkono hadi mkono hawezi kuiruka miaka hiyo yote.

Ninachoshikilia ni hiki: kabla hujauliza mswada unasema nini, uliza umetengenezwaje. Ngozi, mistari, wino na alama za pambizoni hubeba habari ambazo maneno yenyewe hayazitoi, na mara nyingi ndizo zinazoeleza kwa nini neno fulani limekosekana au limezidi. Habari hizo zinaonekana hata kwenye picha, kwa hiyo mtu aliye Mbale au Mbarara mwenye simu nzuri na bando la kutosha anaweza kuanza leo.

Kwanza uzoee namba. Mfumo tunaoutumia kuitaja miswada uliwekwa na mtaalamu wa miswada Caspar René Gregory mwaka 1908. Vipande vya mafunjo, mmea ule ule unaojaa kwenye kinamasi cha Lubigi, hupewa herufi P. Miswada ya ngozi iliyoandikwa kwa herufi kubwa huanza na sifuri: 01, 02, 03. Ile ya herufi ndogo zilizoungana hupewa namba tupu: 1, 2, 33, 461, 1739. Vitabu vya masomo ya ibada, ambavyo havifuati mpangilio wa Injili bali kalenda, hutanguliwa na herufi ℓ. Ukikuta mtu ameandika "GA 461", GA ni kifupi cha majina ya Gregory na Kurt Aland, aliyeanzisha taasisi ya Münster mwaka 1959.

Ngozi na hesabu yake

Ngozi ya mswada haikutiwa dawa kama ngozi ya viatu. Ililowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yakalegea, ikakwanguliwa, ikawambwa kwenye fremu ya mbao, ikakwanguliwa tena ikiwa imekazwa, kisha ikaachwa ikaukie hapo hapo. Mafundi wa ngoma wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, wanaijua nusu ya kazi hii: ngozi inayokaukia kwenye mkazo huwa nyoofu na ngumu, na ikilowa hulegea na kujikunja. Ndiyo maana mswada uliovujiwa na mvua huwa na kurasa zilizopinda pembeni, na fundi wa ukarabati huzirudisha polepole kwa unyevu kidogo na mkazo, si kwa pasi.

Wabizanti walitumia sana mbuzi na kondoo. Tufanye hesabu. Chukua kitabu chenye kurasa za sm 25 kwa 18. Karatasi pacha moja, yaani kipande cha ngozi kinachokunjwa katikati kuwa karatasi mbili, ikifunguliwa ni sm 36 kwa 25. Ngozi yenye sehemu safi ya sm 72 kwa 50 hutoa karatasi pacha nne, nazo zikikunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine hufanya kijitabu kimoja cha karatasi nane, yaani kurasa 16. Kijitabu hicho cha nane ndicho kipimo cha kawaida cha kitabu cha Kigiriki. Injili nne zikijaza karatasi 280, hapo kuna vijitabu 35, na mbuzi 35, bila kuhesabu ngozi zilizotupwa kwa kasoro. Mfugaji wa Mubende, ambako mbuzi wanasifika kwa ngozi, ataelewa mara moja kwamba kijiji hakikuweza kuagiza kitabu kama hiki kila mwaka. Gharama nyingine ilikuwa mkono wa mwandishi. Mwaka 895 Arethas, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Kaisaria, aliagiza nakala ya kazi za Plato: sarafu 13 za dhahabu kwa kuandika na 8 kwa ngozi. Hicho si kitabu cha Biblia, lakini ngozi ni ile ile na mikono ni ile ile.

Angalia matundu. Kisu cha mchunaji kikiteleza huacha mkato mdogo, na ngozi ikiwambwa mkato hufunguka ukawa tundu la umbo la yai. Kupe na wadudu huacha vidoa na vitundu. Ukiona maneno yanazunguka tundu, tundu lilikuwepo kabla ya kuandika, kwa hiyo hakuna neno lililopotea. Ukiona herufi zimekatwa katikati, hapo kuna uharibifu wa baadaye, na ni lazima uandike herufi ngapi hazionekani.

Sasa tazama rangi. Upande wa manyoya una njano kidogo na vitone vya vinyweleo; upande wa nyama ni mweupe na laini. Gregory ndiye aliyeonyesha, mwaka 1885, kwamba kitabu kikifunguliwa popote kurasa mbili zinazotazamana hufanana: manyoya kwa manyoya, nyama kwa nyama. Katika vitabu vya Kigiriki kijitabu kwa kawaida huanza na upande wa nyama kwa nje. Ukifungua ukakuta ukurasa mweupe unatazamana na wa njano, kuna karatasi moja imetoka. Ila kipimo hiki kina udhaifu ambao wengi hawausemi: zikitoka karatasi mbili zinazofuatana, rangi zinapatana tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo hesabu pia namba za vijitabu, zilizoandikwa kwa herufi za Kigiriki kwenye pembe ya karatasi ya kwanza, wakati mwingine na ya mwisho, na ufuatilie kama sentensi inaendelea. Kwenye picha za ukurasa mmoja mmoja huwezi kuona mkunjo, lakini uzi wa kushonea huonekana katikati ya kijitabu. Ukiuona uzi, hesabu karatasi nne kila upande.

Karatasi za mwanzo na mwisho wa kitabu ndizo hutoka kwanza, kwa kuwa ndizo zinazosuguliwa na jalada. Mfano unaojulikana kuliko yote ni mswada wa Ufunuo alioutumia msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel mwaka 1516. Leo namba yake ni 2814. Karatasi yake ya mwisho haikuwepo, na Ufunuo 22:16–21 ikakosekana. Erasmus akazitafsiri aya hizo sita kutoka Kilatini kurudi Kigiriki, na baadhi ya maneno aliyoyatunga hapo yakaendelea kuchapishwa karne baada ya karne.

Mistari na wino

Kabla ya kuandika, mnakili alitoboa vitundu pembeni kwa ncha kali, akaviunganisha kwa kifaa butu na rula. Hakutumia wino, alikandamiza tu, aghalabu upande wa manyoya, hivyo upande mmoja kuna mfereji na wa pili kuna mgongo mdogo. Kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kutoka mbele mistari hii haionekani, na watu huhitimisha kwamba mswada hauna mistari. Tafuta picha ambayo mwanga umetoka ubavuni. Kisha tazama herufi zimekaa wapi: katika miswada ya mwanzo ya herufi ndogo, karne ya 9, herufi hukaa juu ya mstari, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 10 huning'inia chini yake. Hicho ni kipimo cha tarehe ambacho hakihitaji ujue hata neno moja la Kigiriki.

Wino wa kahawia unaouona ulikuwa mweusi. Ulitengenezwa kwa vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni baada ya nyigu kutaga mayai, vikachemshwa kutoa tanini, ikaongezwa chumvi ya chuma, kisha gundi ya mgunga ya kuushikilia wino usitiririke. Gundi ya aina hiyo hukusanywa hata leo Karamoja. Chuma na tanini vikikutana na hewa hugeuka vyeusi, na baada ya karne nyingi hurudi kahawia. Kasoro kubwa ya miswada ya Bizanti ni wino kubanduka, hasa upande wa nyama ulio laini. Wabizanti walipenda ngozi inayong'aa, wakaipaka ute wa yai, na juu ya ute huo wino na rangi havikupata mahali pa kushika. Picha za Wainjilisti zilizopoteza uso wao mara nyingi hazikukwanguliwa na mtu yeyote: rangi ilibanduka yenyewe kila kitabu kilipofunguliwa na kufungwa.

Hapa niweke neno kwa maparokia yetu. Vitabu vingi vya ubatizo na ndoa vya mwanzoni mwa karne ya 20 viliandikwa kwa wino wa aina hii hii ya chuma, ila kwenye karatasi. Ngozi ya mswada ina chokaa iliyobaki ndani yake, nayo hupunguza makali ya asidi. Karatasi ya kiwandani ya enzi ile haina kinga hiyo. Ndiyo maana mwandiko wa kahawia hutoboa karatasi mahali mwandishi alipokandamiza. Msibandike selotepu, msiweke plastiki kwa moto, msilambe kidole kugeuza ukurasa. Mikono safi na mikavu inatosha, na glavu za pamba hupunguza hisia za vidole mpaka ukurasa ukachanika. Pigeni picha sasa, ukurasa kwa ukurasa, na kitabu kikae mahali pakavu penye hewa.

Herufi zinavyotaja umri

Watu hudhani herufi kubwa ni za kale na herufi ndogo ni za baadaye. Linganisha miswada miwili yenye tarehe. Injili ya Uspensky, GA 461, iliyoko Saint Petersburg, ni ya herufi ndogo na ilikamilika mwaka 835. Ni kitabu kidogo, karibu sm 17 kwa 11. Mswada wa Vatikani wenye alama S, namba 028, ni wa herufi kubwa, na mmonaki Mikaeli aliumaliza mwaka 949. Herufi kubwa hapa ni changa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu kwa vitabu vya madhabahuni mwandiko wa heshima uliendelea kutumika muda mrefu baada ya wanakili kuzoea mwandiko wa haraka.

Kwa mwandiko mdogo, angalia mambo matatu. Mwandiko wa karne ya 9 na mwanzo wa ya 10 ni safi, haukuchanganya maumbo ya herufi kubwa ndani yake. Kadiri miaka inavyokwenda, maumbo makubwa ya epsiloni, eta, kapa na lambda hurudi katikati ya maneno. Alama za pumzi juu ya vokali huwa na kona katika karne ya 9 na ya 10, huchanganyika na za mviringo katika karne ya 11, na kufikia karne ya 13 zenye kona ni nadra. Iota inayoandikwa pembeni mwa vokali ni dalili ya umri. Ile iliyowekwa chini yake huja baadaye, na wanakili wengi waliiacha kabisa. Usidai kuujua mwaka kwa mwandiko pekee. Wapo walioiga mtindo wa babu zao kwa makusudi. Sema "karne ya 11", au "kati ya karne ya 11 na 12", uishie hapo.

Mkanganyiko wa kwanza utakaokupata ni beta na kapa, kwa kuwa zote mbili huweza kufanana na u ya Kilatini. Ny nayo hufanana na my iliyokatwa mkia. Dawa yake ni kutafuta neno unalolijua bila shaka, kama καί ("na"), ukachora umbo la kila herufi yake kwenye daftari, ukaendelea na neno jingine mpaka upate alfabeti nzima ya mnakili huyo mmoja. Fanya hivyo kwa kila mswada upya.

Kukokotoa mwaka

Baadhi ya wanakili waliacha maneno ya mwisho: jina, mwezi, siku, mwaka. Miaka yao ilihesabiwa tangu kuumbwa ulimwengu, na mwaka ulianza Septemba 1. Injili ya Uspensky inasema Mei, mwaka ͵ϛτμγ. Ishara ya chini kushoto hufanya sita iwe elfu sita. Τ ni 300, μ ni 40, γ ni 3. Jumla 6343. Kwa miezi ya Januari hadi Agosti toa 5508: unapata 835. Kwa Septemba hadi Desemba toa 5509. Kosa la mwaka mmoja limo kwenye orodha nyingi za zamani kwa sababu mtu alisahau kuangalia mwezi: Oktoba 6560 ni 1051, si 1052.

Kuna njia ya kuhakikisha. Wanakili walitaja pia nafasi ya mwaka katika mzunguko wa kodi wa miaka 15. Gawanya mwaka wa ulimwengu kwa 15, uchukue kinachobaki. Kisipobaki kitu, ni 15. 6343 ukiugawanya hubaki 13, na Uspensky inasema 13. Mwaka wa Mikaeli ni 6457, hubaki 7, na mswada unasema 7. Visipopatana, kuna herufi umeisoma vibaya, au mnakili alikosea, au mkono wa baadaye umegusa tarehe ili kitabu kionekane cha kale. Rudi kwenye picha uikuze.

Katika maneno haya ya mwisho kuna semi zilizopita kutoka mnakili hadi mnakili: kwamba kama wageni wanavyofurahi kuiona nchi yao, ndivyo waandishi wanavyofurahi kuuona mwisho wa kitabu. Ukijua sheria za monasteri ya Studios mjini Konstantinopoli unaelewa furaha hiyo. Mnakili aliyechafua karatasi alipewa toba 130; aliyechukua kijitabu cha mwenzake bila ruhusa, 50; aliyetengeneza gundi nyingi ikakauka bure, 50; aliyevunja kalamu kwa hasira, 30.

Pambizo: sehemu ninayoipenda kuliko zote

Pembeni mwa Injili utaona namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kifungu. Ya chini, mara nyingi kwa wino mwekundu, ni ya jedwali. Ni kazi ya askofu Eusebius wa Kaisaria, wa karne ya 4. Yapo majedwali kumi mwanzoni mwa kitabu: la 1 ni kwa habari zilizomo katika Injili zote nne, la 2 kwa Mathayo, Marko na Luka, mpaka la 10 kwa yale yaliyo katika Injili moja tu. Fungua "sauti ya mtu aliaye nyikani". Kwenye Mathayo pembeni kuna 8 na chini yake 1. Nenda jedwali la 1, mstari wenye Mathayo 8, nao unakupa Marko 2, Luka 7, Yohana 10. Hakukuwa na sura wala aya za leo, na bado msomaji alifika alikotaka ndani ya dakika moja. Mnakili akichanganya namba moja, zote zinazofuata husogea, na ndiyo sababu namba za pambizo hazipaswi kuaminiwa bila kuhakiki matini.

Vichwa vya habari juu ya kurasa vina mpangilio mwingine: Mathayo 68, Marko 48, Luka 83, Yohana 18. Cha kwanza hakianzi mwanzo wa Injili. Cha Mathayo huanza na mamajusi, cha Yohana na harusi ya Kana, kwa sababu kilichotangulia kilihesabiwa kuwa utangulizi. Anayedhani kichwa namba 1 kimepotea anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Kisha kuna ἀρχή na τέλος, "mwanzo" na "mwisho", kwa wino mwekundu ndani ya mistari au pembeni. Ni alama za masomo ya ibada. Kalenda ya masomo huanza Pasaka kwa Yohana 1:1, na ya watakatifu huanza Septemba 1. Waorthodoksi wa Uganda, walio chini ya Upatriaki wa Alexandria tangu 1946, wanaifuata kalenda hiyo, kwa hiyo paroko wa Namungoona akitazama pambizo za mswada wa karne ya 12 anaona ratiba yake mwenyewe.

Tazama kwa karibu Yohana 7:52. Miswada mingi ina neno ὑπέρβα hapo, yaani ruka, na kwenye 8:12 ina ἄρξαι, anza. Somo la Pentekoste huanza 7:37, hufika 7:52, huruka habari ya mwanamke aliyefumaniwa, humalizia na 8:12. Sasa ongeza kwamba miswada ya kale kabisa ya Yohana haina habari hiyo. Kundi la miswada liitwalo Familia 13 huiweka baada ya Luka 21:38. Na Familia 1 huiweka mwisho wa Yohana. Ukisoma matini tu utaona vurugu. Ukisoma pambizo utaona watu waliojua kwamba kipande hiki kina historia yake, wakakiwekea nyota au vistari vya tahadhari ubavuni, na bado hawakukitupa.

Makosa ya jicho na ya sikio

1 Yohana 2:23 ina nusu mbili, na kila nusu huishia kwa maneno yale yale: τὸν πατέρα ἔχει, "anaye Baba". Mnakili amesoma nusu ya kwanza, ameinua macho, ameandika, amechovya kalamu, amerudi kwenye kitabu cha mama, yaani kile anachokinakili. Jicho likatua kwenye ἔχει ya pili badala ya ya kwanza. Nusu nzima, ile ya amkiriye Mwana, imetoweka katika miswada mingi ya zama za kati. Hakuna mzushi aliyeifuta.

Sikio nalo lina yake. Kufikia zama hizi η, ι, υ, ει na οι zote zilitamkwa "i". Kwa hiyo ἡμῶν, yetu, na ὑμῶν, yenu, zilisikika sawa hata kwa mtu anayejisomea polepole akinakili. 1 Yohana 1:4 inasema "furaha yetu" au "furaha yenu"? Linganisha Biblia mbili tofauti nyumbani kwako, huenda ukakuta zote mbili.

Majina matakatifu yalifupishwa kwa mstari juu: ΘΣ ni Θεός, Mungu. Ondoa kistari cha ndani na cha juu, unabaki na ΟΣ, "ambaye". Katika 1 Timotheo 3:16 mswada uitwao Codex Alexandrinus, wa karne ya 5, uliandikwa ΟΣ, na mkono wa baadaye ukaigeuza ΘΣ. Jicho la mchunguzi lilizidi kusumbuliwa na kistari cha herufi iliyo upande wa pili wa ngozi, kinachopenya hafifu mahali pale pale. Miswada mingi ya herufi ndogo ina Θεός. Alexandrinus ulikuwa wa Upatriaki ule ule wa Alexandria kabla patriaki Cyril Lucaris hajauondoa. Ulifika kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1627.

Usiseme pia kwamba miswada ya Bizanti huongeza tu. Matendo 8:37, maungamo ya towashi, haimo katika miswada mingi ya Kigiriki, ya kale na ya zama za kati. Erasmus aliikuta pambizoni mwa mswada mmoja akaiingiza. Wala usipime matini kwa umri wa ngozi: GA 1739 uliandikwa karne ya 10 na mmonaki Efraimu, uko monasteri ya Lavra Kuu ya Mlima Athos, Ugiriki, na matini yake imetokana na kitabu cha mama kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 4.

Kazi yenyewe kwenye simu au kompyuta

Anzia kwenye orodha ya Münster mtandaoni: weka namba ya GA, upate mahali mswada ulipo, karne yake, idadi ya karatasi na viungo vya picha. Baadhi ya picha zinahitaji ufungue akaunti, bila malipo. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, ina picha zake kwenye tovuti ya Gallica, Vatikani wana maktaba yao ya kidijiti, na picha za zamani za miswada ya monasteri ya Sinai, Misri, zilizopigwa 1949–1950, ziko Library of Congress, Marekani. Picha hizo za Sinai nyingi hazina rangi. Wino mwekundu huonekana kijivu hafifu, na alama zote za masomo zinaweza kukuponyoka. British Library walishambuliwa kimtandao Oktoba 2023, kwa hiyo viungo vingi vya zamani kwenda kwao havifungui.

Hakiki mahali mswada ulipo sasa. GA 1424, moja kati ya miswada michache yenye Agano Jipya lote, imeandikwa kwenye vitabu vingi kuwa iko Chicago, lakini ilirudishwa Ugiriki mwaka 2016, kwenye monasteri ya Kosinitsa ilikoporwa mwaka 1917.

Andika namba ya karatasi na upande wake, mbele au nyuma. Usiandike namba ya picha, kwa sababu jalada na kurasa tupu huhesabiwa kama picha na namba hazitapatana. Karatasi zilizoongezwa baadaye kuziba pengo zitambue kwa mwandiko tofauti, uzipe tarehe yake na uzilinganishe peke yake. Usianze na Ufunuo: haukusomwa katika ibada ya Bizanti, miswada yake ni karibu 300 tu, na mingi imechanganywa na ufafanuzi wenye mwandiko mdogo. Anza na Marko, sura moja.

Chukua matini moja iliyochapwa iwe msingi. Kwenye daftari chora safu nne: mahali, neno la msingi, neno la mswada, maelezo. Andika tofauti peke yake. Tofauti za η na ι zisizobadilisha maana zitengee ukurasa wake, usizitupe, kwa kuwa zinaonyesha tabia ya mnakili na siku moja zitasaidia kumtambua. Palipofutwa na kuandikwa upya, andika mambo mawili: kilichoandikwa kwanza na kilichosahihishwa. Mwenzako afanye sura ile ile bila kuona daftari lako, kisha muweke daftari pamoja. Mnapotofautiana, rudini kwenye picha pamoja. Kisha rudini pia kwenye mistari ambayo nyote wawili hamkuandika tofauti yoyote, hasa aya mnazozijua kwa moyo, maana hapo jicho husoma linachokikumbuka.